Je, Wajua? Mlima Hanang Umelala Mezani

Je, wajua kwamba Mlima Hanang unaenea kwenye sahani kubwa ya wali? Kunjua ramani ya topografia ya kipimio cha 1:50,000 uone. Kwenye karatasi hiyo sentimita moja ni mita 500 za ardhini, na sentimita mbili ni kilomita nzima. Mlima unaohesabiwa kuwa wa nne kwa urefu Tanzania, wenye mita zaidi ya 3,400, unalala mezani kama duara la mistari ya kahawia, mji wa Katesh ukiwa upande wa kusini na Ziwa Balangida upande wa kaskazini. Kidole kinatoka Katesh hadi kileleni kabla chai haijapoa.

Nimezitazama karatasi za namna hii kwa miaka, na kila nikikunjua moja naona jambo ambalo macho yalilipita siku iliyotangulia. Haya ni baadhi tu, na yote yanatoka Hanang na Mbulu, kwa sababu sijui wilaya nyingine mbili nchini ambazo ramani zake zina mambo mengi kiasi hiki katika eneo dogo.

Je, wajua kwamba unaweza kutengeneza kontua kwa jiwe na beseni?

Kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Maelezo hayo tuliyakariri shuleni, na wengi wetu tuliyaacha kwenye daftari. Ili yaingie kichwani, tafuta jiwe lenye umbo la mlima, upande mmoja mkali na mwingine umelala. Liweke kwenye beseni. Mimina maji mpaka yapande kwa upana wa kidole kimoja, kisha chora kwa chaki mstari unaozunguka jiwe juu kidogo ya maji. Mimina tena, kidole kingine, uchore tena. Endelea mpaka jiwe lizame. Mwaga maji, simama, ulitazame jiwe kutoka juu kabisa, jicho moja limefumba.

Utaona duara ndani ya duara. Upande mkali wa jiwe mistari imebanana hadi inakaribia kugusana; upande uliolala imeachana. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Maji yalipanda sawasawa kila mahali, ila jiwe ndilo lililokuwa na haraka upande mmoja na utulivu upande mwingine. Ramani nzima ya Hanang ni jiwe hilo hilo, na badala ya kidole cha maji kuna mita 20. Katika matoleo ya zamani ni futi 50, yaani mita 15 na kidogo. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu chochote ni lazima ushuke chini ya karatasi, pembeni, usome nafasi kati ya kontua na kontua ni kiasi gani. Katesh iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kileleni utavuka kontua 85 hivi kwenye ramani ya mita, na zaidi ya 110 kwenye ile ya futi. Mlima haujabadilika. Ni ngazi iliyokatwa vidato vidogo zaidi.

Nafasi kati ya mistari inakupa mteremko bila hata kutoka nyumbani. Kontua za mita 20 zikiachana kwa sentimita moja kwenye karatasi ya 1:50,000, ardhi inapanda mita 20 katika mita 500. Mzee mwenye mkongojo anapanda bila kusimama. Zikiachana kwa milimita moja tu, ardhi inapanda mita 20 katika mita 50. Hapo ni kama digrii 22, na mbuzi wenyewe huchagua njia ya kuzunguka. Kwenye mabega ya Hanang kuna mahali ambapo hata milimita hiyo haipatikani, mistari inakuwa doa moja la kahawia.

Je, wajua kwamba herufi V kwenye ramani inaonesha njia ya maji hata kama mto haukuchorwa?

Fuata kontua moja kwa penseli kuzunguka mlima. Haiendi kama duara la sarafu. Inaingia na kutoka. Pale inapokunjamana na kufanya V yenye ncha inayoelekea juu, upande wa kilele, hapo ni korongo, na maji ya mvua yatapita hapo iwe kuna mstari wa buluu au hakuna. Ncha ikielekea chini, hapo ni mgongo wa mlima, na maji yanagawanyika kushoto na kulia. Wanafunzi wengi huzigeuza mbili hizi. Dawa yake ni kutazama namba zilizoandikwa kwenye kontua nene, ambayo kwa kawaida ni ya tano kila mara: ikiwa ncha inaelekea kwenye namba kubwa, ni korongo.

Naliandika hili kwa uzito. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya miguuni mwa mlima, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wapo waliodhani mlima umelipuka, kwa sababu kila mtu anajua Hanang ilikuwa volkano. Serikali ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilishiba maji, ikameguka, na tope likafuata mikondo ya mito hadi kwenye makazi.

Mikondo hiyo iko kwenye ramani. Ukianza juu na kuziunganisha V kwa penseli ya buluu, moja chini ya nyingine, unapata mshipa. Mishipa midogo inaungana, inakuwa mmoja mnene, unashuka kwa kontua zilizobanana hadi mahali ambapo mistari inaachana ghafla. Hapo ndipo mlima unapokwisha na tambarare inapoanza, na hapo ndipo maji yanayobeba mawe hupunguza mwendo na kuushusha mzigo. Yakifanya hivyo mara nyingi, kwa karne nyingi, mzigo unajikusanya kama ungo uliofunikwa: kontua zinazojipinda kwa nje, zikitanuka kutoka mdomo wa korongo. Ardhi ya namna hiyo huwa na rutuba na hulimika vizuri, na maji yako karibu. Watu hujenga hapo kwa sababu nzuri kabisa.

Ramani haisemi ni siku gani. Haisemi mvua itakuwa kiasi gani wala mwamba utameguka lini. Inasema tu kwamba tope likishuka, litapita hapa. Nadhani kila ofisi ya kijiji iliyo chini ya mlima ingefaa kuwa na karatasi hiyo ukutani, mishipa imekolezwa kwa buluu, ili mwenyekiti na wazazi na walimu waijue kama wanavyojua njia ya kwenda kisimani.

Je, wajua kwamba aliyechora kontua za kijiji chako huenda hakuwahi kukanyaga hapo?

Ramani nyingi za mwanzo za mfululizo wa 1:50,000 zilitengenezwa kwa picha za ndege na idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kupima makoloni, ambayo baadaye iliitwa Directorate of Overseas Surveys. Makao yake yalikuwa Tolworth, kusini magharibi mwa London. Ndege ilipita juu ikipiga picha zinazopandiana. Ukiweka picha mbili zinazofuatana chini ya kifaa cha lenzi mbili, jicho la kulia likaona moja na la kushoto likaona nyingine, ardhi inainuka kutoka mezani, milima kwa mabonde. Mchoraji alifuata kimo hicho kwa mkono. Baada ya Uhuru kazi hii ikawa ya idara yetu ya upimaji na ramani katika wizara ya ardhi.

Kwa hiyo pembeni mwa ramani tafuta mwaka wa picha, usitosheke na mwaka wa kuchapwa. Picha za kabla ya miaka ya 1970 zina vidoti vyeusi vya nyumba zilizotawanyika migongoni mwa vilima. Kisha zikaja operesheni za vijiji vya ujamaa, watu wakahamishwa na kukusanywa pamoja, na vidoti vingi vikabaki kwenye karatasi bila mtu. Majina ya utawala nayo yamehama. Babati ilikuwa ndani ya Hanang, Hanang ilikuwa ndani ya Mbulu, na Karatu vilevile. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Ramani iliyochapwa muda mfupi kabla ya hapo itakuambia uko Arusha.

Na mlima wenyewe? Kwenye ramani za Wajerumani umeandikwa Gurui. Ziwa Eyasi limeandikwa Njarasa. Msafiri Oscar Baumann alipita katika nchi hizi mwaka 1892, na mwanajiografia Fritz Jaeger akaja kuzichora nyanda za juu za kreta kubwa mwaka 1906 na 1907.

Je, wajua kwamba ukisogeza kidole kidogo kwenye ramani ya jiolojia unavuka zaidi ya miaka bilioni mbili?

Ramani ya topografia inaonesha umbo la ngozi. Ya jiolojia inaonesha mifupa, na inaonesha umri wake. Tanzania imekuwa na idara ya jiolojia tangu mwaka 1925, makao yake Dodoma. Leo ndiyo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Mtu anayeiona ramani ya jiolojia kwa mara ya kwanza hushtushwa na rangi: waridi, zambarau, kijani cha chai, njano. Rangi hizo si za mimea wala udongo wa juu. Kila rangi ni aina ya mwamba wa umri fulani, na ndani yake kuna herufi ndogo za kuitambulisha.

Anza na ufunguo. Visanduku vyake havikupangwa kwa alfabeti, vimepangwa kwa umri, mchanga kabisa juu na mkongwe kabisa chini, kama vile tabaka zinavyolaliana ardhini. Chini kabisa, kwa upande wa Mbulu, utakuta granaiti na miamba iliyopikwa upya na joto na mgandamizo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Juu utakuta lava na majivu ya volkano za Hanang na jirani zake, mambo ya miaka milioni chache tu, na juu yake mashapo ya maziwa na mito ambayo yanaendelea kutandikwa hata msimu huu. Sasa rudi kwenye ramani. Pale rangi ya lava inapogusana na rangi ya granaiti kuna mstari mwembamba mweusi. Kidole kiko upande huu wa mstari, kisha kiko upande ule. Mchungaji anayevuka hapo na ng'ombe wake huona tu kwamba udongo umebadilika, huku mweusi wenye nguvu, kule mwekundu wenye changarawe, na majani nayo yamebadilika. Anaisoma jiolojia kwa nyayo.

Kuna alama moja ndogo ambayo wengi huiruka: kistari kirefu, katikati yake kimechomoza kistari kifupi, na pembeni kuna namba. Kile kirefu kinaonesha tabaka za mwamba zimeelekea wapi. Kile kifupi kinaonesha zimeinamia upande gani, na namba ni digrii za kuinama huko. Kwa alama hiyo mtu anayetafuta maji au madini anajua mwamba unaoonekana juu ya kilima hiki unazama kwenda wapi chini ya shamba la jirani.

Je, wajua kwamba Mbulu imesimama kati ya nyufa mbili?

Bonde la Ufa likishuka kutoka Kenya linafika kaskazini mwa Tanzania likiwa moja, kisha linachanua kama vidole. Kidole kimoja kinakwenda Eyasi hadi Wembere. Cha pili kinapita Natron, Manyara hadi Balangida, miguuni mwa Hanang. Cha tatu kinaelekea Pangani. Nyanda za juu za Mbulu ziko kati ya kidole cha kwanza na cha pili, zimebaki juu huku ardhi ya pande zote mbili imeshuka.

Hili ni jambo la kulichora mwenyewe. Chukua ukanda wa karatasi, uulaze juu ya ramani kutoka Ziwa Eyasi magharibi, upite Mbulu, hadi Ziwa Manyara mashariki. Kila kontua inapogusa ukingo wa ukanda weka alama na uandike kimo. Kisha hamishia alama hizo kwenye karatasi ya miraba na uunganishe. Utaanza mita 1,030 hivi, kimo cha Eyasi. Utapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Halafu penseli itaporomoka hadi kama mita 960, kimo cha Manyara. Maziwa mawili yanayotofautiana kwa mita 70 tu, na katikati yao ukuta wa zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Tahadhari moja: ukichora sentimita moja kwa kila mita 100 za kimo huku ulalo ni wa 1:50,000, umeuvuta mlima mara tano ya ukali wake wa kweli. Andika hivyo chini ya mchoro, usije ukamtisha mtu bure.

Kwenye ramani ya jiolojia kingo hizo ni mistari minene, mara nyingi yenye vijino upande ulioshuka. Nyufa hizo zingali hai. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.4 lilipiga eneo la Mbulu na Ziwa Manyara. Na angalia mistari ya buluu: mito inaingia Eyasi, Manyara na Balangida, lakini hakuna hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa kukauka tu, na chumvi hubaki. Ndiyo maana Balangida huvunwa chumvi, na ndiyo maana mchoraji wa ramani huzungushia ziwa la msimu mstari wa buluu uliokatikakatika. Usipange kuteka maji mahali penye mstari wa namna hiyo.

Barabara ya Magara, inayopanda ukingo kutoka bonde la Manyara kwenda Mbulu, ni somo jingine. Pima kwa rula kutoka chini hadi juu. Kisha pima tena kwa uzi, ukiulaza juu ya kila kona, halafu uunyooshe kwenye rula. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayokula mafuta ya gari.

Je, wajua kwamba kuna vilima vilivyogeuzwa kuwa mashimo?

Karibu na Basotu utakuta kontua zilizojifunga kama za kilima kidogo, lakini zina vijistari vifupi vinavyoelekea ndani. Vijistari hivyo vinasema: teremka. Ni mashimo ya milipuko. Zaha ya moto ilipopanda ikakutana na maji ya chini ya ardhi, maji yakageuka mvuke kwa ghafla na kurusha mwamba hewani, likabaki tundu. Ziwa Basotu limekaa kwenye tundu la namna hiyo. Usipoviona vijistari utadhani umeona kilima cha kusimama kuangalia nchi, kumbe ni ziwa.

Je, wajua kwamba namba za pembeni zinakuambia uko mbali kiasi gani na Ikweta?

Mistari ya gridi kwenye ramani zetu ina namba ndefu zinazotisha. Kwa nchi zilizo kusini mwa Ikweta, hesabu ya kwenda kaskazini ilipangwa ili Ikweta yenyewe iwe 10,000,000, kusudi kusiwe na namba hasi. Kilele cha Hanang kiko karibu na 9,510,000. Toa: zinabaki kama mita 490,000, yaani kilomita 490 kusini mwa Ikweta. Hesabu ya darasa la nne, na jibu ni la kweli.

Namba hizo zina mtego pia. Ramani za zamani zilijengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ambao jina lake linatokana na kazi kubwa ya kupima tao la dunia kando ya longitudo ya 30, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mwanafalaki David Gill aliibuni katika karne ya 19, na pengo la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Simu na vifaa vya GPS vya leo vinatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za simu ukaziweka moja kwa moja kwenye ramani ya Arc 1960 utakosea kwa kama mita 300. Mita 300 upande wa kaskazini na kusini zinatosha kulihamisha shamba kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Migogoro ya mipaka haihitaji kuongezewa kuni, kwa hiyo aandikaye namba aandike na mfumo wake.

Kwa upande wa dira tumebarikiwa. Katika nchi nyingine sindano hukengeuka kutoka kaskazini ya kweli kwa digrii nyingi. Manyara haizidi digrii mbili.

Je, wajua kwamba doa tupu kwenye ramani linaweza kumpokonya mtu malisho?

Hapa ndipo ninapotamani kila msomaji aketi nami mezani. Ramani maalumu, zile za jambo moja kama mvua, udongo, mbung'o au idadi ya watu, huchagua cha kuonesha. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyezunguka Tanganyika kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1936 ramani ya watu wa nchi hii. Mtu akiitazama anaona mara moja jinsi vidoti vinavyofuata maji. Mwaka 1949, baada ya kifo chake, ikatoka ramani yake ya uoto. Ni kazi za mtu aliyeijua nchi kwa miguu. Lakini kidoti humwonesha mtu mahali anapolala. Hakioneshi mahali anapolisha.

Mfugaji wa Kibarabaig wa nyanda za Basotu hakulisha mahali pamoja. Alihama na msimu, kati ya milima, ukingo wa ufa, kando ya maziwa na nyanda, na malisho bora kuliko yote yalikuwa yale ya mabonde mapana wanayoyaita muhajega. Mifugo ilikaa huko kwa muda, kisha ikaondoka ili majani yapumzike. Ukipiga picha ya ndege wakati wa kupumzika, unaona nyanda bila boma, bila shamba, bila ng'ombe. Kwenye karatasi ni nyeupe.

Kuanzia miaka ya 1970 mradi wa ngano wa shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ulifungua mashamba makubwa saba Hanang, Basotu na Mulbadaw yakiwamo. Shamba moja lilihesabiwa kwa ekari 10,000 au zaidi, na ardhi yote iliyochukuliwa ikafikia kama ekari 100,000. Geuza hizo kuwa ramani. Ekari 10,000 kwenye 1:50,000 ni mraba wa karibu sentimita 13 kwa 13, kama daftari lililofunguliwa nusu. Ekari 100,000 ni zaidi ya nusu ya karatasi nzima, karatasi inayofunika robo digrii kwa robo digrii, karibu kilomita 28 kila upande. Ndani ya miraba hiyo kulikuwa na njia za mifugo kwenda kwenye maji na chumvi. Kulikuwa pia na bung'eda, vichuguu vya makaburi ya wazee walioheshimiwa, na baadhi vililimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani iliiamulia NAFCO mwaka 1985, na sehemu ya hoja ilikuwa kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kugawiwa ardhi ile.

Siisemi ngano vibaya, watu wameila. Nasema kwamba alama ya kaburi moja, mstari mmoja wa njia ya ng'ombe, rangi moja ya muhajega kwenye karatasi ya wapangaji ingebadilisha mazungumzo.

Wairaqw wa Mbulu wao walikuwa na njia ya kuweka mpaka bila karatasi. Eneo lao la jamii, aya, lilijulikana kwa mipaka iliyotunzwa kwa tambiko, jambo ambalo mwanaanthropolojia Robert Thornton alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980. Mpaka wa namna hiyo haukuweza kupotea kwenye kabati, kwa sababu watu waliubeba wenyewe.

Kule bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya pamoja ya haki miliki ya kimila, zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Watu wasiolima wala kufuga, ambao ramani za karne nzima ziliwaachia nafasi tupu, sasa wana mstari wao uliosainiwa.

Na mstari kama huo huanza chini, mavumbini. Wataalamu wa mpango wa matumizi ya ardhi wanapofika kijijini, mara nyingi hawaanzi na kompyuta. Wanaomba uwanja uliofagiwa. Mtu anachora mto kwa majivu. Mwingine anaweka jiwe: shule. Majani mabichi ni msitu, punje za mahindi ni kaya. Wanawake wanasahihisha kisima, wanasema hiki kinakauka mwezi wa tisa, hamishia jiwe kule. Mzee anachukua fimbo na kuburura mstari mrefu kutoka boma hadi kwenye chumvi, anasema njia hii aliionyeshwa na babu yake, na hakuna anayembishia. Halafu kijana mwenye mwandiko mzuri anapiga magoti na kuinakili yote kwenye karatasi, upesi, maana mbuzi wako njiani kurudi.